Nani aliyeiunda roketi ya Tintin?

Wengi wenu mnamjua Tintin na mbwa wake mweupe, Milou. Mnajua vilevile kwamba Hergé, yule Mbelgiji aliyewachora, alianza vibaya na sisi: kitabu chake juu ya Kongo, kilichotoka mwaka 1931, kilituchora kama watu wasio na akili, na juu ya jambo hilo yamekwisha kusemwa maneno ya kutosha. Leo twataka kupima vitabu vyake vingine viwili, vilivyo bora kuliko kile mbali sana. Cha kwanza ni Objectif Lune, cha mwaka 1953. Cha pili ni On a marché sur la Lune, cha mwaka 1954. Ni hadithi moja iliyokatwa vipande viwili, nayo yaeleza safari ya watu kwenda Mwezini, miaka 15 kabla ya Wamarekani wawili kukanyaga huko kweli, mwezi wa saba mwaka 1969.

Vitabu hivi hupewa watoto, na kwa sababu hiyo watu wazima huvipita bila kuvitazama. Wanakosea. Tumevisoma tena polepole, ukurasa kwa ukurasa, na twaona kwamba kile cha kwanza si kitabu cha safari kama watu wasemavyo. Hesabuni wenyewe: kina kurasa 62, na roketi haipandi juu ila katika kurasa za mwisho kabisa. Nyingine zote ni habari ya kuunda. Kuna milima na walinzi, kuna tanuru la atomu, kuna meza za kuchorea ramani, kuna roketi ndogo ya majaribio, kuna vazi la angani ambalo Kapiteni Haddock analijaribu huku akinung'unika. Mwandishi mwingine angalitwambia kwa maneno machache kwamba roketi ilikuwa tayari, kisha angaliturusha Mwezini upesi upesi. Hergé hakufanya hivyo. Alijua neno ambalo kila mtoto aliyewahi kukaa mlangoni pa gereji analijua: kutazama mashini ikifungwa skurubu kwa skurubu kwapendeza kama kuitazama ikikimbia, na pengine kwapendeza zaidi.

Namna alivyoifanya kazi hiyo yastahili sifa. Alisoma kitabu kikubwa cha Alexandre Ananoff juu ya safari za angani, kilichotoka Ufaransa mwaka 1950, na mwenyewe akamwomba shauri. Bernard Heuvelmans alimsaidia kukusanya habari, ingawa elimu yake huyo ilikuwa ya wanyama. Kisha Hergé akaagiza mfano wa roketi utengenezwe, mfano wa kufunguka, wenye vyumba na ngazi ndani yake, ili yeye na msaidizi wake Bob de Moor wajue sikuzote mtu amesimama wapi, mlango uko upande gani, na ngazi yashuka wapi. Fikirini: kazi yote hiyo kwa ajili ya hadithi ya picha iliyokuwa ikitoka katika gazeti la vijana kila juma! Ilianza mwezi wa tatu mwaka 1950. Mwaka ule ule ikakatika, kwa sababu Hergé alichoka sana mwilini na rohoni. Ikaanza tena mwaka 1952, ikaisha mwisho wa mwaka 1953. Wasomaji wake waliingoja roketi ile imalizike kama watu wangojavyo daraja la mtoni, wakiuliza kila mara kama mafundi wamerudi kazini.

Matunda ya taabu hiyo yaonekana hasa mahali pamoja, napo ndipo sisi twapapenda kuliko pengine pote. Kapiteni Haddock amechoka kukaa bure katika kituo kile cha Sprodj, ambacho Hergé amekiweka katika nchi yake ya kubuni, Syldavie. Kwa hasira amwambia Profesa Tournesol neno la dharau, kwamba anacheza tu kama mjinga. Tournesol ni mzee mpole, tena hasikii vema; lakini neno hili amelisikia. Anawaka moto. Anamkamata Haddock, anampitisha mbele ya walinzi, anampandisha ndani ya roketi, anampeleka chumba baada ya chumba huku akipiga kelele njia nzima: tazama, huu ndio mchezo wangu! Chumba cha kuongozea, vitanda, ghala, ngazi, matundu ya sakafu, vyote vyapita mbele yetu. Mwalimu mwingine angalitusomea somo kavu juu ya sehemu za roketi, nasi tungalisinzia. Hapa twafuata hasira ya mzee, na bila kujua tumekwisha kujifunza roketi nzima.

Halafu Tournesol, akiwa katikati ya maneno yake, aanguka ndani ya tundu la sakafu aliloliweka yeye mwenyewe. Anapoamka amesahau kila kitu. Jambo hili lachekesha, na watoto hucheka. Lakini angalieni vizuri lililo ndani yake. Roketi imesimama, haikupungukiwa na msumari mmoja. Matanuru yanafanya kazi. Vitabu vya hesabu vipo. Na kituo kizima kimekwama, kwa sababu kichwa kimoja cha mzee mmoja kimefungwa. Haddock anajaribu kila hila kumwamsha akili, na mwisho ni lile neno la dharau, lile lile, linalomrudisha. Sisi hatujui kitabu kingine cha watoto kilichosema waziwazi hivi kwamba mashini peke yake ni chuma tu, na kwamba uzima wake umo katika watu waijuao.

Je, roketi yenyewe ni ya kweli? Kwa sehemu. Umbo lake lilitoka kwa V-2, roketi ya vita ya Wajerumani. Hata ile miraba ya rangi mbili haikuwa pambo tu, kwa maana roketi za V-2 za majaribio zilipakwa miraba ili watazamaji waone chini namna zinavyozunguka zikipanda. Hergé aliichukua miraba ile, akaipaka nyekundu na nyeupe, na tangu siku hiyo watoto wa dunia nzima wakiambiwa wachore roketi huichora hiyo. Mambo ya mwili usio na uzito ameyaeleza vema: motere ikizimika, pombe ya Haddock yatoka katika bilauri na kuelea kama mpira, naye aifukuza kwa mdomo. Alipokosa ni hapa, kwamba roketi yake yaenda nzima na kurudi nzima, ikisimama kwa miguu yake mitatu, yenye motere ya atomu. Wamarekani walikwenda kwa namna nyingine. Roketi yao Saturn V ilikuwa na urefu wa mita 111, nayo ilikuwa ikijitupa njiani kipande kwa kipande, hata kilichorudi baharini kilikuwa chumba kimoja cha juu, kisichofika mita 4. Kuhusu barafu ambayo Tintin anaiona pangoni Mwezini, wataalamu waliicheka kwa miaka mingi. Mwaka 2009 Wamarekani waliangusha kipande cha roketi karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, wakakuta maji katika vumbi lililoruka. Hergé alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1983, hakuweza kuwacheka naye.

Tena sisi wa huku twajua namna roketi inavyokuwa isipopakwa rangi nzuri. Tarehe 17 mwezi wa tano mwaka 1977, katika Shaba, yaani Katanga, kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi ya kwanza kutoka uwanda ulio juu ya mto Luvua. Ilikuwa mabomba manne yaliyofungwa pamoja kama kuni. Vizibo vyake vya mafuta vilifunguliwa na motere ndogo kama zile zinazopangusa kioo cha motokari wakati wa mvua. Mwezi wa sita mwaka 1978 roketi ya tatu ilianguka mbele ya macho ya Rais Mobutu, na mwaka 1979 mafundi wale wakaondoka. Hakuna mtoto aliyeichora roketi ile ukutani. Walakini ilionyesha kweli moja ambayo miraba nyekundu na nyeupe yaificha: roketi ni mabomba na matangi na vizibo, na lazima awepo mtu wa kuyafunga.

Hapo ndipo tunapoanza kugombana na Hergé. Ametupitisha katika kituo kizima, toka tanuru mpaka ncha ya roketi, lakini nani aliyeiunda? Wakubwa twawaona: Tournesol, mkuu wa kituo, Bwana Baxter, injinia Frank Wolff. Wote wana majina, wana miwani, wana maneno ya kusema. Wenye nyundo na moto wa kuchomelea chuma, wakionekana, huonekana kwa mbali, wadogo kama sisimizi, wala hakuna hata mmoja tunayeambiwa jina lake. Mtu aliyechora kwa uangalifu kila ngazi na kila mlango hakuona lazima ya kuchora uso wa aliyeuning'iniza mlango.

Upungufu huu waonekana mdogo mpaka tuulize mambo mawili. La kwanza latuhusu sisi wenyewe. Katika hadithi, kituo kimejengwa katika milima ile kwa sababu ndimo ilimoonekana uraniumu nyingi. Yaani uraniumu imo tu mlimani, halafu imo tanuruni. Katikati hakuna mtu. Lakini kijana wa Bruxelles aliyesoma gazeti lile mwaka 1950, uraniumu ya nchi yake ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika shimo la Union Minière du Haut-Katanga. Ilichimbwa kwa mikono ya watu weusi, ikapelekwa Olen, huko Ubelgiji, tangu zamani za radiumu. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1.000 za mawe hayo zilipelekwa New York, na sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945 ilikuwa ya Katanga. Hergé aliichukua uraniumu yetu akaitia katika milima ya nchi isiyokuwako. Hatusemi alifanya kwa ubaya. Twasema kwamba mwaka 1931 alituchora vibaya, na mwaka 1953, palipokuwa na nafasi ya haki ya kutuchora, hakutuchora kabisa. Haya ya pili yameonwa na watu wachache kuliko yale ya kwanza.

La pili ni zito zaidi, nalo lahusu ile V-2. Tangu mwisho wa mwaka 1943 Wajerumani walianza kuziunda roketi hizo chini ya mlima, karibu na mji wa Nordhausen, kwa kazi ya wafungwa wa kambi iliyoitwa Dora. Watu waliolala, waliokula na kufanya kazi humo mwanzoni walikaa majuma mengi bila kuona jua. Katika kambi ile na matawi yake walipita wafungwa kama 60.000, na kama 20.000 kati yao walikufa. Wanahistoria wasema kwamba waliokufa wakiziunda V-2 ni wengi kuliko waliouawa na V-2 zilipoanguka. Na zilianguka wapi? London, na zaidi ya London, Antwerpen, katika Ubelgiji yenyewe. Tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1944 moja ilianguka juu ya sinema iitwayo Rex katika mji ule, watu 567 wakafa. Miaka sita baadaye, kwa mwendo wa saa moja hivi kutoka sinema ile, roketi yenye umbo lile lile ilichorwa upya, ikapakwa rangi, ikapewa vijana waipende. Nao waliipenda, nasi pia twaipenda, tusidanganyane. Ndiyo sababu twasema neno hili. Uzuri wa mashini una nguvu hivyo, waweza kuosha damu iliyomwagika juu yake katika miaka michache tu, bila mtu yeyote kutaka kudanganya.

Labda msomaji atatujibu: hiki ni kitabu cha watoto, mlitaka awachoree kambi ya wafungwa? Hapana. Tulitaka jina moja. Fundi mmoja mwenye jina, mwenye mke anayemngoja, anayegombana na Haddock kuhusu mlango. Kazi za namna hii zina hadithi zake, wala si hadithi za kuchosha. Wamarekani walipojiandaa kwenda Mwezini, watu kama 400.000 walishiriki katika kazi hiyo. Mavazi ya wale waliokanyaga kule yalishonwa katika mji wa Dover, jimbo la Delaware, na wanawake washonaji ambao kampuni yao ilijulikana kwa nguo za ndani za wanawake. Tabaka juu ya tabaka, tabaka 21, na mshono ukikengeuka kidogo tu vazi zima lakataliwa, kwa maana tundu dogo la sindano laweza kumwua mtu. Katika mji wa Waltham wanawake wengine walisuka kwa mkono nyuzi za shaba ndani ya mashini ya hesabu iliyoongoza chombo, uzi huu upite ndani ya pete, ule upite nje. Mshonaji mmoja wa namna hii katika kituo cha Sprodj angaliongeza ukurasa mmoja tu, na kitabu kingalikuwa kikubwa zaidi.

Hata hivyo hatuwezi kumfunga Hergé kwa upande huu peke yake, maana katika kitabu cha pili ameifikisha mashini mahali ambapo inaanza kuwahukumu watu. Tunasema juu ya pumzi. Hewa ya roketi ilikuwa imehesabiwa kwa watu wanne na mbwa. Lakini Dupond na Dupont wamebaki ndani kwa kukosea saa ya kuondoka, hao ni sita. Kisha katika ghala ametokea wa saba, Jorgen, mpelelezi wa nchi adui, aliyeingizwa na Wolff. Wolff si mtu mbaya kwa asili. Alipenda mchezo wa feza, akaingia katika deni, watu wakamlipia deni hilo, na kisha wakamwambia: sasa wewe ni wetu. Jorgen afa kwa risasi katika ugomvi. Wamebaki sita, njia ni ndefu, hewa ni kidogo. Tangu ukurasa wa kwanza tumefundishwa kuipenda hesabu ya Tournesol, jinsi kila kitu kilivyopimwa. Na sasa hesabu ile ile, bila kosa lolote, yasema kwamba si wote watakaofika. Hakuna skurubu iliyolegea. Kilicholegea ni mtu mmoja, mbele ya meza ya mchezo, miaka mingi kabla.

Usiku, wenzake wakiwa wamelala, Wolff aandika barua, aingia chumba cha mlango, aufungua mlango wa nje, na kutoka angani. Sijui ni watoto wangapi waliousoma ukurasa huo wasiusahau tena; sisi tuliokuwa watoto zamani hatukuusahau.

Juu ya ukurasa huu kulikuwa na maneno mengi, na yatupasa kuyasema katika gazeti kama hili, kwa sababu yalitoka kwa watu wa Kanisa. Walimlaumu Hergé kwamba amewaonyesha vijana mtu anayejiua, na kwamba kujiua ni zambi kubwa. Ili kuwatuliza, Hergé aliongeza katika barua ya Wolff neno kwamba labda kwa mwujiza atapona. Baadaye alijuta kwa kuliongeza, akasema kwamba hapakuwa na tumaini lolote.

Sisi twaona kwamba wale waliolaumu walikuwa na haki ya kuogopa. Kijana aliyevunjika moyo asome kwamba wenzake watapumua vema asipokuwako? Hilo si jambo la kuchezea. Lakini dawa waliyoiomba haikufaa. Kitabu kizima kimejengwa juu ya kweli moja, kwamba nje ya mlango ule hakuna hewa, na ndani ya mlango kila kitu kina hesabu. Kuingiza mwujiza hapo, kama kiraka kwenye suruali, ni kuuharibu mwujiza na kuiharibu hesabu pamoja. Tena lile neno halimsaidii Wolff. Wolff wa barua ya kwanza ajua afanyalo, na anatoa pumzi yake kwa watu aliowasaliti. Wa barua ya pili, kwa neno lile, anajifanya hajui. Padre aliyemsikiliza mtu kama huyo angalimwuliza juu ya lile deni, na juu ya woga wake, na kwa nini hakumwamsha Tintin ili waseme pamoja. Maswali hayo yangalitosha kwa vijana, nao wangaliyajibu wenyewe. Waliolaumu walitaka mstari wa wino, wakaupata, na hakuna kijana hata mmoja aliyeuamini.

Mwisho wa hadithi roketi yarudi Sprodj. Yatua kwa miguu yake mitatu, kama ilivyoahidiwa, mashini imemaliza kazi yake yote. Ndani wote wamezimia kwa kukosa hewa, na mlango umefungwa kwa ndani. Baxter na wakubwa wengine wamesimama chini, hawana la kufanya ila kungoja. Ndipo baadhi ya watu wa kituo, wasiotajwa majina, wanapanda juu na kuufungua mlango kwa nguvu.